Namba ya Siri ya Mkulima Isilale Nairobi

Ndugu mkulima, kabla hujaendelea kusoma, nataka kukuuliza swali moja. Laini ya simu unayoitumia hapo shambani imeandikishwa kwa jina la nani?

Wengi wenu mkiulizwa hujibu bila wasiwasi kwamba laini ni ya mtoto aliye Nairobi, huko Umoja, Kayole au Buruburu. Yeye ndiye aliyeinunua, akaiandikisha kwa kitambulisho chake, akaileta nyumbani wakati wa Krismasi pamoja na simu yenyewe. Ni zawadi njema, wala sina ugomvi na mtoto anayemkumbuka mzazi wake. Lakini jambo hili si zuri, na yafaa lirekebishwe kabla ya mvua kunyesha.

Zamani simu ilikuwa ya kusalimiana tu. M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, simu ikawa mfuko wa fedha, na leo imekuwa zaidi ya mfuko. Chukua mathalan mbolea ya Serikali, ambayo bei yake ilishushwa mwaka 2023 hadi Shs. 2,500 kwa gunia la kilo 50. Huwezi kuipata kwa kujipanga kwenye foleni na kutaja jina la baba yako. Sharti uwe umeandikishwa katika daftari ya wakulima, na ujumbe wa kukuruhusu huletwa kwa namba ya simu uliyoitoa siku ile. Mambo ya ardhi nayo yanaelekea huko huko. Mtambo wa Ardhisasa ulianzishwa Aprili 2021, ukaanza na Nairobi, na unazidi kuingia katika kaunti nyingine. Na ukitaka kuingia katika eCitizen, ambamo huduma nyingi za Serikali hulipiwa sasa, namba ya muda hutumwa kwa simu yako ili ijulikane kwamba ni wewe kweli. Basi aliye na laini ile, mbele ya mitambo hii, ndiye wewe.

Wazee waliogawiwa mashamba katika mpango wa ekari milioni moja, ulioanza 1962, wanajua jinsi barua ya shamba ilivyotunzwa. Iliwekwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na ufunguo ukafungwa kwenye kitambaa. Hakuna mzee aliyempa kijana aendaye kutafuta kazi barua hiyo, akaiweke chini ya godoro katika chumba cha Kaloleni au Makongeni wanamolala watu sita. Kwa nini leo tunafanya hivyo na namba ya siri?

Nasikia jibu lenu: "Mimi siyajui mambo hayo, kijana ndiye ajuaye." Hilo halitoshi. Kuvuta fedha za maziwa kwa simu si kazi ngumu kuliko kupima dawa ya kuogeshea ng'ombe, nayo mliijifunza. Tena mtoto akipata ajali, au akihama, au simu ikipotea sokoni, laini haitarudishwa ila kwa mwenye kitambulisho, nawe utabaki na fedha zako mwenyewe usizoweza kuzigusa. Sisemi watoto ni wezi. Wengi wao si wezi kabisa. Lakini kijana anayedaiwa kodi ya nyumba tarehe tano, naye anajua namba ya siri ya baba yake, amewekwa katika majaribu yasiyokuwa na lazima.

Jambo la pili ni maduka ya kompyuta, ambayo huko Eastlands huitwa saiba. Yamejaa kila mtaa, Kariobangi, Donholm, Jericho, na mkulima aliyekuja mjini kwa shughuli hupelekwa huko na mwanawe. Vijana wa saiba wanafanya kazi yenye manufaa makubwa. Lakini tazama inavyofanywa. Mzee hana barua pepe. Kijana anamfungulia, anachagua neno la siri analolitaka yeye, pengine anaandika hata namba yake mwenyewe ya simu, kisha mzee anaondoka na karatasi iliyopigwa chapa. Mwaka ujao akitaka kuingia tena, mlango wake una ufunguo wa mtu mwingine.

Kwa hiyo ukiwa saiba, neno la siri uliandike wewe kwa vidole vyako, hata kama utachukua dakika kumi na watu nyuma wanaguna. Namba ya simu iwe yako. Kompyuta ikiuliza kama ihifadhi neno la siri, jibu ni hapana. Ukimaliza, ondoka katika ukurasa wako kwa kubonyeza mahali pa kutokea. Kufunga dirisha peke yake hakutoshi. Picha ya kitambulisho uliyomtumia kijana kwa WhatsApp ili aichapishe, mwombe aifute mbele yako, katika simu na katika kompyuta. Si kumtukana. Kutumia neno la siri la mtu mwingine kwa udanganyifu ni kosa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, faini yake yafika Shs. 200,000 au kifungo cha miaka mitatu, na kijana mwaminifu hatachukia.

Ofisi nazo zina sehemu ya lawama. Si haki kuupeleka ufunguo wa kila kitu kwenye simu, halafu mzee wa miaka sabini akaachwa amtafute mjukuu wa kumsomea. Hata hivyo, yapo unayoweza kuyafanya leo. Kwa laini ya Safaricom, bonyeza *106# uone ni namba ngapi zimeandikishwa kwa kitambulisho chako. Bonyeza *100*100# ili laini yako isibadilishwe na mtu asiye wewe. Ukituma fedha kwa namba isiyo sahihi, peleka ujumbe ule kwa 456 mara moja. Anayekupigia akidai ni wa kampuni, naye hatumii 0722 000 000, kata simu, kisha peleka namba yake kwa 333.

Kuhusu laini iliyo kwa jina la mtoto, nendeni wawili dukani mwa kampuni na vitambulisho vyenu, akuhamishie. Ukisafiri kwa ajili hiyo, waweza pia kupitia Huduma Centre ya Makadara, ambayo haiko mbali na mitaa mingi niliyoitaja. Ila usichague juma la mwisho la Juni. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa kutuma hesabu za kodi, na siku hizo hata nafasi ya kusimama katika saiba za Eastlands haipatikani.