Stenti ya Shingoni Ipimwe Pia kwa Akili ya Mgonjwa

Mgonjwa aliyewekewa stenti, yaani kijibomba cha kupanua mshipa, kwenye mshipa wa shingo huhesabiwa kuwa amepona salama akizungumza vizuri, mkono haujalegea na uso haujapinda. Kipimo hicho hakitoshi. Waya na mrija vinapopenyezwa kwenye mshipa uliojaa mafuta, chembe huweza kubanduka, zikachukuliwa na damu hadi kwenye ubongo na kuziba vijishipa vyake, zikiacha majeraha ambayo mwenyewe hayahisi. Mwaka 2010, watafiti wa ICSS, jaribio lililolinganisha stenti na upasuaji wa mshipa wa shingo, walichapisha matokeo ya wagonjwa 231 waliopigwa picha za MRI kabla na baada ya tiba. Majeraha mapya yalionekana kwa 62 kati ya 124 waliowekewa stenti, yaani nusu yao. Kwa waliopasuliwa shingo na kusafishwa mshipa, ni 18 kati ya 107. Wengi hawakuwa na dalili yoyote ya kiharusi.

Wapo wanaosema majeraha hayo ni madogo mno na mengine hufifia. Ni kweli, lakini picha zilizorudiwa baada ya mwezi mmoja bado zilionyesha alama kwa takriban theluthi ya waliowekewa stenti. Hoja nzito zaidi ni kwamba tafiti za kumbukumbu na umakini hazijakubaliana, na baadhi ya wagonjwa hupata nafuu ya akili kwa sababu damu sasa inafika vizuri kichwani. Hata hivyo, wastani huficha mengi: nafuu ya mmoja hufunika hasara ya mwenzake. Tena tunao ushahidi wa jirani. Utafiti wa NeuroVISION wa mwaka 2019 uliwafuatilia watu wa miaka 65 na zaidi waliofanyiwa upasuaji usio wa moyo. Baada ya mwaka mmoja, uwezo wa akili ulikuwa umeshuka kwa asilimia 42 ya waliopata kiharusi cha kimya (kisicho na dalili), dhidi ya asilimia 29 ya wasiokipata. Haukuwa utafiti wa stenti, na uhusiano pekee hauthibitishi chanzo. Lakini unatosha kutuzuia kuyaona majeraha haya kuwa si kitu.

Sisemi stenti iachwe. Kiharusi kikubwa huua na kulemaza, na katika utafiti wa CREST, uliolinganisha pia tiba hizo mbili, waliopasuliwa ndio waliopata zaidi mshtuko wa moyo. Ninachodai ni uwazi na kipimo. Jaribio fupi la kumbukumbu na umakini huchukua kama dakika 10, kwa karatasi na kalamu. Gharama si kisingizio. Lifanywe kabla ya stenti na lirudiwe miezi kadhaa baadaye, na mgonjwa aelezwe hatari ya majeraha haya kabla ya kutia saini. Tiba inayolenga kuulinda ubongo haina haki ya kujisifu kabla ya kuupima.