Mateka Watatu na Elimu ya Chuo Kikuu

Alfajiri ya tarehe 9 Septemba 2022, watu wasiojulikana waliingia katika makimbilio ya sokwe ya J.A.C.K. mjini Lubumbashi, wakawachukua wadogo watatu, César, Hussein na Monga, kisha wakawapelekea waasisi wake, Franck Chantereau na mkewe Roxane, ujumbe na video wakidai fidia kubwa, na kukiri kwamba azma yao ya awali ilikuwa kuwateka watoto wa kuzaa wa wanandoa hao. Chantereau alikataa kulipa: fedha hizo hana, na hata angalikuwa nazo, nani angemdhaminia kwamba wezi hawatarudi baada ya miezi miwili?

Wahalifu hao walitambua kuwa huruma ya mlezi kwa mnyama yaweza kupigwa bei kama mapenzi ya mzazi kwa mwanawe. Jambo zito kama hili halistahili kuachiwa polisi peke yao; lataka pia elimu ya chuo kikuu, ihusuyo watu na wanyama kwa pamoja.

Najua watakaouliza, tena kwa haki, mji wenye dhiki nyingi una haja gani ya elimu hiyo. Lakini habari ya sokwe haianzi kizimbani. Mama hupigwa risasi msituni, nyama yake ikaliwa, na kitoto, ambacho kingali kimemshikilia kifuani, hung'olewa kikauzwa, kikapita mikononi mwa mwindaji, dereva, mchuuzi, hadi tajiri atakaye kukifuga uani. Na mikono yote hiyo ni ya wanadamu, kila mmoja na sababu yake. Tabibu wa mifugo huliponya jeraha la kamba kiunoni. Aliyeifunga na kilichomsukuma, hayo tiba haiyajibu.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina matabibu hao, na kina pia wanahistoria, kama Donatien Dibwe dia Mwembu, waliokusanya kwa subira kumbukumbu za wachimba migodi na aila zao. Tena kuzichanganya habari za watu na za wanyama si aibu kwa mwanachuoni: ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Gombe, Jane Goodall aliwapa sokwe majina tangu mwaka 1960, na baadhi ya maulamaa wakamlaumu. Leo lawama hiyo imekufa.

Basi matabibu na wanahistoria wetu na wakae kitako pamoja, waanze kwa watunzaji wanaowanywesha yatima hao maziwa kila siku, wawasikilize kwa Kiswahili chao, waandike, na hati hizo ziwekwe maktabani kwa manufaa ya mahakimu na wanafunzi.