Aliyeumia kichwa hajarogwa

Tuseme kijana wa bodaboda anaanguka katika Waiyaki Way, hapo Uthiru. Analazwa, anashonwa, anarudi nyumbani, na majirani wanamshukuru Mungu. Miezi michache baadaye mkewe analalamika: mumewe anaosha mikono hadi ngozi inachubuka, na usiku huamka mara ishirini kuangalia kama mlango umefungwa. Akizuiwa anatetemeka. Mtaani wengine husema amerogwa, wengine kwamba amekuwa mjeuri.

Wote wamekosea. Pigo la kichwa laweza kudhuru sehemu za ubongo zinazomjulisha mtu kwamba jambo limekwisha, aliache. Hapo wazo moja humganda kama kupe. Si wengi walioumia kichwa wanaopatwa na haya, lakini anayepatwa aweza kupoteza kazi, hata ndoa.

Hata hivyo, tutofautishe. Yuko anayerudi mlangoni kwa sababu amesahau kwamba aliufunga. Huyo asaidiwe kumbukumbu, hata kwa daftari la kuandika alichofanya. Anayekumbuka vizuri kwamba amefunga, ila hofu haimwachi, ana maradhi mengine, nayo yana tiba.

Kwanza kuna mazoezi. Mgonjwa, akiongozwa na mtaalamu, hufunga mlango mara moja na kuivumilia hofu bila kurudi, mpaka ipungue yenyewe. Victor Meyer aliieleza njia hii huko London mwaka 1966. Pili kuna dawa kama fluoksetini, ambayo yaweza kuchukua wiki 12 kabla ya kuonyesha nguvu zake. Klomipramini pia hutumika, lakini yaweza kuchochea kifafa, na aliyeumia ubongo tayari yumo katika hatari hiyo. Kwa hivyo daktari asifichwe habari za ajali.

Mke naye asimwangalizie mlango kila anapoombwa. Huruma hiyo hulisha ugonjwa.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa ni kudhani kwamba kidonda kikipona, mtu amepona. Daktari anayetoa nyuzi kichwani na amuulize mke: je, tabia za mumeo zimebadilika? Swali hilo halihitaji mashine. Nasi jamaa, kabla ya kumlipa mganga, tupande matatu hadi Kenyatta au Mathari. Huko Mathari wagonjwa wa akili wamehudumiwa tangu 1910.