Makuta ya RAM iko wapi? Rezo ni ya raia wote

Wandugu vijana wa Lubumbashi, Goma, Bukavu, Bunia, Kisangani na kwingine kote,

Kila siku viongozi wanatuambia kwamba Kongo inaingia katika dunia ya dijitali, na kwamba miji yetu itakua kupitia simu na intaneti. Hatukatai. Tuko na swali moja tu: itakua pamoja na nani?

Tuanze na RAM, juu watu wanasahau mbio. Tangu Septemba 2020, mayunite ilianza kukatwa kwenye simu zetu kwa jina la kuandikisha vyombo: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dola 7 kwa ile ya 3G ao 4G. Mama muuza ndizi alipoweka mayunite ya kupigia mtoto wake, sehemu ilienda bila yeye kuulizwa. Mkubwa mwenye simu ya dola 1000 alilipa dola 7, na mwanafunzi mwenye simu ya okazioni alilipa dola 7 zile zile. Raia walipiga kelele, vijana walishuka barabarani, wabunge walimuita waziri ajieleze. Mwanzo wa 2022 RAM ikaondolewa. Huo ni ushindi wa raia.

Lakini kuondoa kodi si kutoa hesabu. Ile makuta ilitoka mfukoni mwetu, franga kwa franga. Tunataka kujua iliingia ngapi, nani aliishika, na ilijenga nini.

Juu ya nini tunarudilia jambo hili leo? Sababu makuta ya rezo inaendelea kukusanywa kwa njia zingine. Sheria ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya mawasiliano inaongelea huduma kwa wote: rezo ifike hata pale ambapo kampuni haioni faida. Mfuko wa kazi hiyo upo. Wengi wanazani ni mambo ya vijiji tu. Vijiji viko na haki yao, na ni haki kubwa. Lakini hata mjini, kadiri unavyoenda kwenye kartie za pembeni, ndivyo rezo inapungua na umeme unakosa. Katika inchi yetu, karibu mutu mmoja tu kwa watano njo iko na umeme. Kijana wa pembeni analipa mara mbili: analipa mega, halafu analipa kibanda cha kuchajia simu.

Na bei? Kebo ya baharini inaingilia Muanda, kwenye Atlantiki, zaidi ya kilometa 1500 kutoka Lubumbashi ao Goma. Pasipo fibre nzuri ndani ya inchi, kila mega inatufikia ikiwa imebeba bei ya safari. Kobalti ya Kolwezi na koltani ya Rubaya vinaenda kutengeneza betri na simu za dunia nzima, na sisi wenye udongo ule tunahesabu mega kama dawa.

Tena, tusisahau tarehe 31 Desemba 2018. Kiisha uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima karibu siku 20. Aliyekuwa anauza, anasoma ao anatafuta kazi kwa mtandao alibaki mikono mitupu. Huwezi kuambia vijana wajenge maisha yao juu ya rezo, halafu ukaacha kifungo cha kuizima mkononi mwa wakubwa.

Kwa hiyo tunadai:

1. Hesabu yote ya RAM itangazwe mbele ya Bunge na mbele ya raia.

2. Mfuko wa huduma kwa wote utangaze kila mwaka makuta iliyoingia, na majina ya mitaa na vijiji vilivyofikiwa.

3. Kila barabara ya mji ikitengenezwa, bomba la fibre liwekwe papo hapo. Kuchimba mara moja kunapunguza bei. Kuchimba mara tatu kunalisha wenye masoko ya serikali.

4. Huduma ya serikali ikipelekwa kwenye simu, giche ibaki wazi kwa asiye na simu. Mwanafunzi asilazimishwe kununua SMS ili ajue matokeo yake ya Exetat.

5. Intaneti isikatwe tena, si kwa uchaguzi, si kwa maandamano.

Ndugu, dada, hatuombi zawadi. Maji, barabara, umeme na rezo ni kitu kimoja: bila hivyo mji unakua kwa wachache, na wengine wanabaki wakiuangalia. Muulize mbunge wako swali la makuta ya RAM. Muulize bourgmestre wako kama barabara inayochimbwa iko na bomba. Uliza kwa heshima, kwa amani, na bila kuchoka.

Kodi yetu, rezo yetu, haki yetu.