Goti lipigwe picha kabla ya kusaini, sio baada ya kuumia

DIRISHA la usajili likifunguliwa, picha ni zilezile. Mchezaji kashika jezi, kiongozi anatabasamu pembeni yake, mashabiki wanashangilia. Vipimo vya afya navyo hutajwa, ila kwa baadhi ya klabu huishia kwenye presha, damu na daktari kulikunja na kulikunjua goti. Baada ya miezi mitatu unaambiwa jamaa ana goti, na msimu ndio umeishia hapo.

Kinachoponza wengi ni gegedu, kile kitu cheupe kinachoteleza unachokiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Kwa binadamu kina unene wa milimita chache tu, na kazi yake ni kuzuia mifupa isisagane mchezaji anapokimbia, kuruka na kugeuka.

Ubaya wa gegedu ni kwamba halina mishipa ya fahamu. Linaweza kuanza kuchubuka na mchezaji asisikie kitu, akaendelea kupiga mechi kama kawaida. Halina mishipa ya damu pia, ndiyo maana likishaumia haliponi kama mfupa au msuli. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta wenyewe haujengeki kirahisi.

Eksirei haitoshi, maana inaonyesha mifupa. Gegedu lenyewe halionekani. Daktari hulikisia kwa kuangalia nafasi iliyobaki katikati ya mifupa, na nafasi hiyo ikishapungua ujue mengi yameharibika. MRI, inayotumia sumaku kali na mawimbi ya redio, inaonyesha gegedu lenyewe, lilipochanika na mfupa wa chini yake ulivyoathirika. Zipo hata picha maalumu zinazoonyesha mabadiliko ya maji ndani ya gegedu kabla halijapasuka.

Wanaofuatilia Ligi Kuu England wanamkumbuka Ledley King, beki na nahodha wa Tottenham. Misimu yake ya mwisho alikuwa hafanyi mazoezi na wenzake, anasubiri siku ya mechi tu, kwa sababu goti lake lilikuwa limekwisha gegedu. Mwaka 2012 akastaafu akiwa na miaka 31, umri ambao mabeki wengi wa kati bado wanadai mkataba mpya. Hatusemi kipimo kingemponya. Tunasema goti likifika huko, hata klabu tajiri yenye madaktari wake haina la kufanya.

Hapa nchini mashine zipo, ikiwemo pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Gharama yake ni mzigo kwa kijana wa ligi za chini, lakini kwa klabu inayomwaga mamilioni kwenye usajili hicho sio kisingizio.

Tahadhari moja. Wachezaji wengi wasio na maumivu yoyote huonekana na kasoro kwenye MRI, na wanacheza miaka. Picha isiwe fimbo ya kumfukuzia mchezaji au kumshushia dau. Isomwe na mtaalamu, pamoja na historia yake na hali ya mguu wenyewe, ili ijulikane apumzike lini, aimarishe misuli gani, na acheze dakika ngapi.

Rai yetu ni hii. Mchezaji yeyote aliyewahi kuumia goti au enka apigwe MRI kabla ya kusaini, na apewe nakala ya picha zake. Klabu zizitunze ili akiumia tena kuwe na cha kulinganisha. TFF, ambayo ndiyo inatoa leseni za klabu, iliweke jambo hili kwenye masharti yake.

Na ule mtindo wa kumchoma mtu sindano ya ganzi ili amalize dakika 90 ukome. Sindano inanyamazisha maumivu, gegedu linaendelea kusagika. Mashabiki watasahau mechi ile wiki ijayo, ila mchezaji atapanda ngazi na goti hilo hadi uzeeni.