Uongozi Bila Mamlaka: Wauguzi Wahitimu wa Meru na Embu

Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kilichopata hati yake mjini Meru mwaka 2006, hufundisha uuguzi pamoja na usimamizi wa mifumo ya afya, yaani elimu ya kupanga watumishi, fedha na ubora wa huduma. Swali linalostahili kuulizwa ni elimu ya namna hii humfikisha wapi muuguzi anayerudi nayo wadini, Meru au Embu.

Tangu 2013, huduma za afya za kaunti zilipokabidhiwa serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ajira na upandishaji vyeo viko mikononi mwa bodi ya utumishi wa umma ya kila kaunti. Muundo wa utumishi, ambao ni waraka unaotaja ngazi za kada na sifa za kila ngazi, huweza kumtambua mhitimu kuwa anastahili kupanda, lakini hapandi mpaka nafasi iwepo na fedha za mshahara zitengwe. Njia nyingine zipo: kufundisha katika matawi ya Chuo cha Mafunzo ya Tiba mjini Meru na Embu, au kwenda Uingereza, iliyotia saini makubaliano na Kenya kuhusu wahudumu wa afya mwaka 2021, ingawa huko muuguzi mgeni kwa kawaida huanzia ngazi ya 5 ya mishahara, ile ile ya anayeanza kazi, na masomo yake ya uongozi hukaa kando.

Kuhusu kinachomridhisha mtu kazini, mwanasaikolojia Frederick Herzberg alidai mwaka 1959 kwamba mshahara mzuri hupunguza manung'uniko, ilhali kuridhika hutokana na wajibu na kukua kikazi. Dai hilo haliwezi kutumiwa kuhalalisha malipo duni, kwani mgomo wa wauguzi wa 2017, uliodumu takriban miezi mitano, ulihusu hasa malipo na marupurupu. Hata hivyo linagusa kiini cha tatizo: msimamizi wa wadi huandaa ratiba ya zamu na kuwajibika kwa kila pengo ndani yake, ilhali hana uwezo wa kuajiri hata muuguzi mmoja wa kuliziba. Huo ni wajibu usio na mamlaka, na kumfundisha mtu uongozi kisha kumweka hapo ni kumdhulumu.

Sheria ya 2023 inayoruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yake imefungua mlango, maana sasa kuna fedha zinazoamuliwa hospitalini penyewe, na wahitimu hawa wanastahili kuwa na sauti katika maamuzi hayo, kuanzia bajeti ya wadi wanazozisimamia.