Kuchagua Mji wa Kuhamia: Tusiulize Wastani, Tuulize Mwezi Mbaya

Mwaka huu nimetimiza umri wa kustaafu ualimu, na nyumbani kwangu pamezuka mjadala ambao naamini unaendelea katika nyumba nyingi za nchi hii: tuhamie wapi? Tumeishi Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka thelathini katika nyumba za kupanga. Mama watoto, ambaye ni mzaliwa wa Tanga, anataka turudi Tanga. Kijana wetu mkubwa, aliyehamia Dodoma pamoja na ofisi yake, anataka tujenge karibu naye. Mdogo wangu aliyelowea Mbeya hachoki kutusifia ubaridi na viazi vya huko. Kila mmoja ana hoja zake, na kila hoja inaishia kwenye tabia ya nchi. "Dodoma ni jangwa," husema mama watoto. "Tanga ni jasho na mbu," hujibu kijana. "Na Mbeya mtaganda," husema wote wawili kwa pamoja.

Nimefundisha jiografia muda wote wa kazi yangu, na ilitarajiwa kwamba mimi ndiye ningekata shauri. Nilipojaribu, niliona aibu. Elimu niliyowapa wanafunzi wangu mwaka baada ya mwaka, yaani wastani wa joto na wastani wa mvua wa kila mji, haikutosha kuamua mzee mwenye magoti mabovu akalale wapi. Ndipo nilipoazimia kuandika makala haya. Hoja yangu ni kwamba tabia ya nchi ni elimu ya kuamulia mambo ya maisha, na kwamba tunaifundisha kana kwamba ni orodha ya kukariri.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sina ugomvi nao. Lakini mchagua shamba ni mkulima hasa, na anayehama anachagua shamba.

Jambo hili si la familia moja. Mwaka 1973 Chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Uhamiaji wenyewe ulikwenda polepole kwa miaka mingi, hadi mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia huko kwa dhati. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, na mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kati yake na Dar es Salaam. Maelfu ya wafanyakazi waliozoea upepo wa bahari wamejikuta katikati ya nchi kavu. Wengine watahamishwa kesho, na wengi wenu, wanafunzi, mtakuwa miongoni mwao.

Nchi yetu imekwisha kupata funzo kubwa juu ya hatari ya kuhukumu mahali kwa haraka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma wa leo, ikawa kitovu chake cha kwanza. Walileta matrekta na fedha nyingi. Mvua haikunyesha kama walivyotarajia, na udongo wa mfinyanzi, baada ya kukauka, ukawa mgumu kama saruji, ukavunja majembe ya mashine. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Wagogo walioishi hapo walijua siku zote kwamba mvua ya kwao ni ya kigeugeu, lakini wakubwa wa mradi waliweka mipango yao kana kwamba kila mwaka ni mwaka wa kawaida.

Hapo ndipo kosa la wastani linapoonekana. Dodoma hupata mvua ya kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka. Lakini mvua hiyo huja karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki mbingu hufunga. Mwenye kujenga huko na afanye hesabu. Paa la mita za mraba 80, likipokea milimita 550, hukusanya lita 44,000. Tukiondoa sehemu moja ya tano inayopotea, zinabaki lita 35,200, ambazo ni kama lita 96 kwa siku kwa mwaka mzima. Kwa watu watano hiyo ni ndoo moja ndogo kwa kila mtu. Sasa tuseme mwaka wa ukame umeleta milimita 350 tu: kila mtu atabakiwa na lita 12. Tena hesabu hii inadai tangi kubwa la kuhifadhi maji ya miezi minne yatumike miezi kumi na miwili. Mwenye kununua bati na kusahau tangi amechagua mji kwa wastani.

Tuje kwenye joto. Vitabu vyetu hufundisha kwamba joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za sentigredi kwa kila mita 1,000 tunazopanda. Tanga iko pwani, na wastani wake wa mwaka ni kama nyuzi 26. Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya karibu mita 1,700. Kwa kanuni hiyo Dodoma ingekuwa na nyuzi 19 na Mbeya 15. Vipimo, hata hivyo, vinaonyesha kama nyuzi 23 kwa Dodoma na 17 au 18 kwa Mbeya. Je, kanuni ni ya uongo? La. Kanuni inahusu zaidi hewa iliyo huru angani, na miji hii imekaa juu ya nyanda pana ambazo udongo wake hupigwa na jua na kuipasha moto hewa iliyo juu yake. Kanuni hutupa mahali pa kuanzia, na kipimajoto ndicho kinachotoa hukumu. Ningependa kila mwanafunzi alione pengo hilo mwenyewe, kwa maana hapo ndipo sayansi inapoanza.

Lakini hata joto halitoshi kutueleza raha na karaha ya mwili. Mwili wa binadamu hujipoza kwa kukausha jasho, na jasho hukauka ikiwa hewa ina nafasi ya kupokea mvuke. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke katika mita moja ya ujazo. Tuseme ni mchana wa kaskazi huko Tanga, na unyevu ni asilimia 75: hewa imekwisha kubeba gramu 23, nafasi iliyobaki ni gramu 7 au 8. Tuseme tena ni mchana wa Novemba huko Dodoma, joto ni nyuzi 31 na unyevu asilimia 40: hewa hiyo huweza kubeba gramu 32, nayo imebeba 13 tu, hivyo nafasi iliyobaki ni gramu 19. Hesabu kamili ni ndefu zaidi, kwa kuwa ngozi ina joto lake na upepo nao una kazi yake. Hata hivyo inatosha kueleza kwa nini mtu wa Dodoma, katika joto kubwa zaidi, huweza kukaa kivulini akapumua, na mtu wa Tanga shati linamganda mgongoni. Inaeleza pia upande wa pili: hewa ile ile inayokausha jasho hukausha midomo, hupasua visigino na kuinua vumbi.

Usiku nao una hukumu yake. Mwezi wa Julai mchana wa Dodoma ni wa kupendeza, lakini usiku huhitaji blanketi. Mbeya, katika Juni na Julai, joto la usiku huteremka chini ya nyuzi 10. Mama watoto ana maumivu ya viungo, naye amenieleza wazi kwamba baridi ikimwingia hanyanyuki asubuhi. Habari hiyo haimo katika wastani wa mwaka, lakini ndiyo itakayoamua.

Afya nayo ina hesabu yake. Vijidudu vya malaria vinahitaji joto ili vikomae ndani ya mbu. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, ukuaji wao karibu unakoma. Ndiyo sababu nyanda za juu za Mbeya zina malaria kidogo kuliko pwani. Dodoma nayo ina malaria kidogo kwa kuwa mbu hukosa maji ya kuzalia kwa muda mrefu wa mwaka. Lakini ukavu huo huo, penye vumbi, nzi na uhaba wa maji ya kunawa uso, umesaidia kueneza ugonjwa wa vikope, ambao wanasayansi wameuchunguza kwa miaka mingi katika Wilaya ya Kongwa. Hakuna mji ulioumbwa bila dosari. Tunachochagua ni aina ya tahadhari tutakayoishi nayo: chandarua, au tangi la maji, au kuni za kuota.

Hata jikoni tofauti huonekana. Kadiri tunavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi, kwa kuwa kani ya hewa imepungua. Pwani yanachemka kwa nyuzi 100, Dodoma kwa 96 hivi, Mbeya kwa 94 hivi. Maharage ya Mbeya yatakaa motoni muda mrefu kuliko ya Tanga, na mkaa utakwisha mapema. Anayehamia huko na ahesabu gharama hiyo, au anunue sufuria ya mvuke.

Kosa ninaloliona likitendwa zaidi ni mtu kuhama na nyumba yake kichwani. Anatoka pwani na ramani ya nyumba ya pwani, yenye madirisha mapana ya kupitisha upepo, anaijenga Dodoma, kisha analalamika kwamba mji ni mbaya. Wagogo walijenga tembe, yenye kuta nene na paa bapa la udongo. Udongo mwingi huchelewa kupata moto mchana na huchelewa kupoa usiku, na hiyo ndiyo dawa ya nchi yenye mchana wa moto na usiku wa baridi. Watu wa pwani walijenga paa refu la makuti linalokinga jua na kupitisha hewa, kwa maana usiku wao haupoi vya kutosha, na raha yao iko katika upepo. Sisemi turudi kujenga tembe au kuezeka makuti. Nasema fizikia iliyomo ndani ya nyumba hizo haijazeeka. Ukuta mnene, dari chini ya bati, pande ndefu za nyumba zikitazama kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisipige madirisha: mambo haya hayahitaji umeme.

Tukumbuke pia kwamba nyumba hudumu miaka hamsini, na tabia ya nchi haitangoja. Wastani wa joto la dunia umekwisha kupanda kwa zaidi ya nyuzi moja tangu zama za kabla ya viwanda, na usawa wa bahari unapanda pia. Anayenunua kiwanja cha bei nafuu bondeni au ufukweni na aulize maji yalifika wapi katika mvua kubwa za miaka iliyopita. Wazee wa mtaa watamwonyesha alama ukutani.

Baada ya majuma kadhaa ya ubishi, nilichora jedwali ukutani. Kila mji nikaupa mstari, lakini safu za jedwali hazikuwa wastani. Ziliuliza hivi: Mwezi mbaya kuliko yote ni upi, na ubaya wake ni nini? Usiku wake ukoje? Mwaka wa ukame maji yanatoka wapi? Hospitali iko umbali gani? Nani atatubishia hodi tukiugua? Swali hili la mwisho halina kipimo, nami sioni haya kuliweka katika jedwali la sayansi, kwa maana kusahau jambo kwa sababu halipimiki si sayansi.

Mbeya ilianguka kwa sababu ya usiku wa Julai na magoti ya mama watoto. Mdogo wangu amekasirika kidogo. Kati ya Tanga na Dodoma hatujakata shauri, lakini tumekubaliana jambo moja: hatutaweka msingi wa nyumba popote kabla ya kupanga chumba na kukaa mwezi mbaya wa pale. Tutakaa Tanga mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma. Tutakaa Dodoma Oktoba na Novemba, vumbi likiwa juu na mvua haijaja. Mji utakaotuonyesha uso wake mbaya nasi tukaustahimili, huo ndio wetu.

Walimu wenzangu mnaobaki darasani, nawaombeni jambo ambalo mimi nililifanya kwa uchache mno. Wekeni kipimamvua katika uwanja wa shule. Tundikeni vipimajoto viwili kivulini, kimoja kikiwa kimefungwa kitambaa kibichi, na wanafunzi wasome tofauti yake kila siku kwa zamu. Baada ya miaka mitano shule yenu itaijua miezi mibaya ya mahali pake kuliko kitabu chochote. Nanyi wanafunzi, siku barua ya uhamisho itakapowafikia, msiulize kwanza, "Huko ni baridi au joto?" Ulizeni, "Mwezi mbaya ni upi, na wenyeji wanauvukaje?"